Mawadda na Shaghafu: Je, Yote ni "Mapenzi"?

 

Imekuwa ada katika khutba zetu za ndoa kusomwa Aya ya 21 ya Suratur-Rum, kisha neno mawadda likafasiriwa kwa neno moja tu: "mapenzi". Tafsiri hiyo si kosa, lakini ina upungufu, na upungufu huo unaingia mpaka majumbani mwetu.

Rejea Suratu Yusuf, Aya ya 30. Wanawake wa mjini wanamsengenya mke wa Al-Aziz kwa shaghafu aliyokuwa nayo juu ya Yusuf (a.s.). Hapo nako twasema "mapenzi". Asiyejua Kiarabu atatofautisha vipi?

Shaghafu limetokana na shaghaaf, yaani utando wa moyo: ni mapenzi yaliyopenya utando huo. Tazama matokeo yake. Bibi yule alipokataliwa, alimtishia Yusuf kifungo (Aya ya 32). Alitaka kumpata, wala hakujali yatakayomfika. Ama wuddu, ambalo ni asili moja na mawadda, Ar-Raghib al-Isfahani katika Al-Mufradat amelieleza kuwa ni kukipenda kitu pamoja na kutamani kiwepo. Basi mwenye mawadda humtakia mwenziwe abaki, tena abaki katika kheri. Wawili hawa hawalingani hata kidogo.

Wala si ajabu. Abu Hilal al-Askari alitunga kitabu kizima, Al-Furuq al-Lughawiyya, kubainisha tofauti za maneno yanayodhaniwa kuwa visawe. Naye Ibnul-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) katika Rawdhatul-Muhibbin ameyataja majina ya mahaba kwa makumi, akieleza asili na maana zake.

Huenda mtu akasema haya ni ya wanafunzi wa nahau na lugha tu. Sivyo. Mume huja kwa kadhi akasema "mapenzi yamekwisha", akadhani hiyo ni ruhusa ya kumtelekeza mkewe. Wafasiri wameeleza katika Suratun-Nisaa, Aya ya 129, kuwa mwelekeo wa moyo haumo katika uwezo wa mtu; lakini Aya hiyo hiyo inamkataza kumwacha mke akining'inia, si mke wala si mtalaka. Na Aya ya 19 inaamrisha kukaa nao kwa wema hata pale moyo unapochukia. Nafaka na wema havingoji moyo uchangamke.

Kiswahili chetu hakikupungukiwa. Tunalo neno kuenzi, lililotokana na izza: kumtunza mtu kwa heshima na kumthamini. Khatibu akisema mawadda ni "mapenzi ya kuenziana", bwana harusi atatoka msikitini akijua amebeba amana, si shauku peke yake.

Wallahu a'lam.