Ujuzi au Habari? Tukiisoma Insha ya Hayek

Mwalimu anayejaribu kufasiri insha ya Friedrich Hayek, iliyotoka Septemba 1945 katika jarida la chama cha wanauchumi wa Marekani, hukwama kwenye anwani yenyewe. Insha yahusu namna jamii inavyotumia... nini hasa? Kiingereza kina neno moja tu mahali hapo. Kiswahili chatudai tuchague baina ya elimu, maarifa, ujuzi na habari. Mwanzoni tulidhani huo ni ugumu wa kamusi tu. Baada ya kuirudia insha mara kadhaa tumeona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wa wanauchumi wa karne ya 20 juu ya soko na mipango imejificha katika uchaguzi huo.

Ugomvi wenyewe ulianza kabla ya Hayek. Mwaka 1920 Ludwig von Mises alidai kwamba nchi isiyo na soko la mitambo na malighafi haiwezi kupiga hesabu ya gharama zake. Oskar Lange, mwanauchumi wa Kipolandi, alijibu mwaka 1936 na 1937: bodi ya mipango iweke bei, itazame ni bidhaa zipi zinazoadimika na zipi zinazobaki ghalani, kisha ipandishe au iteremshe. Katika makala yaliyochapishwa 1967, miaka miwili baada ya kufa kwake, Lange aliongeza kuwa kompyuta ingezitatua hesabu hizo kwa muda usiotimia sekunde moja. Hapa neno lifaalo ni habari, yaani kitu kinachoweza kujazwa kwenye fomu, kupelekwa mji mkuu na kujumlishwa. Ukikubali kwamba kujua ni hivyo, mpango mkuu wa taifa huonekana jambo la busara tupu.

Hayek hakukubali. Mtu anayemsifu katika insha yake si mtaalamu, bali ni kama yule wakala wa meli anayejua kwamba chombo fulani kinakaribia kuondoka nusu tupu. Ajualo wakala huyo halikai katika takwimu. Kesho limekwisha pitwa na wakati. Huo ndio ujuzi, nao umetawanyika kwa watu maelfu, kila mmoja na kipande chake. Kinachowaunganisha ni bei. Hayek atoa mfano wa bati: likiadimika, watumiaji hulibania bila kuhitaji kujua ni mgodi gani uliofungwa, wala kama umefungwa mgodi wowote.

Tuupime mfano huo kwa jambo lililotokea kwetu. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana mwaka 1976 na 1977. Nchini Uganda wakati huo bodi ya serikali ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuuza kahawa nje, na mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Mjumbe wa Hayek alizuiwa mlangoni, akapita dirishani. Kahawa ilivushwa kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya, kwa magunia yasiyo na idadi. Aliyebeba gunia usiku hakuhitaji kusikia lolote juu ya Paraná. Hapo Hayek ameshinda, nasi hatuna budi kukiri.

Lakini kahawa hiyohiyo yamshitaki. Mbuni uliopandwa leo huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Bei ya 1977 ilimwambia mkulima hali ya 1977. Haikumwambia neno juu ya 1980, naye 1980 ndiyo aliyokuwa akiipanda. Hapa ndipo John Maynard Keynes anapoingia. Keynes alikwisha andika kitabu kizima juu ya uwezekano mwaka 1921, kabla ya kile cha 1936 kilichompa umaarufu katika uchumi, na wasomaji wengi hukiruka. Katika makala ya 1937 alieleza kwamba bei ya shaba ya miaka ishirini ijayo si jambo la kukisiwa kama mchezo wa kete: hakuna msingi wowote wa kulipigia hesabu. Neno la Keynes basi ni yakini, na kukosekana kwake. Mwenye mali asiye na yakini huwafuata wenziwe, au hukumbatia fedha taslimu, ajira hupungua, ndipo Keynes alipoitaka serikali iwekeze. Siasa yake imetoka moja kwa moja katika falsafa yake ya kujua.

Kosa kubwa zaidi la insha, kwa maoni yetu, ni kwamba inaanza na ujuzi na kumalizia na habari. Bei ni tarakimu tu. Mtetezi wake atasema kwamba ndivyo ilivyokusudiwa: ujuzi ubaki kwa mwenyewe, tarakimu isafiri. Vema, ila asiye na fedha hatii chochote katika tarakimu hiyo. Amartya Sen, katika kitabu chake cha 1981, alionyesha kwamba njaa ya Bengal ya 1943 iliwaua watu ambao ujira wao haukuweza tena kununua mchele. Walijua kuwa wana njaa, na ujuzi huo haukuwa na bei.

Waliokuja baadaye walilitazama soko kwa jicho la shaka zaidi. George Akerlof, mwaka 1970, alianzia kwa muuza gari kuukuu ajuaye kasoro ambazo mnunuzi hazijui. Joseph Stiglitz, aliyefanya utafiti Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, amesimulia kwamba aliyoyaona Kenya yalimfanya atilie shaka nadharia alizofundishwa.

Hayek mwenyewe, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1974, aliwashutumu wanauchumi wenzake kwa kujidai kujua wasiyoyajua. Katika hotuba hiyo neno lilelile la Kiingereza limerudi, lakini safari hii tungelifasiri kuwa elimu, kwa kuwa washitakiwa ni wasomi. Katika insha ya 1945 tumechagua ujuzi kwenye anwani na kurasa za mwanzo, na habari kuanzia pale bati linapotajwa. Mwenzetu mmoja ataka maarifa kote, ili mfasiri asimhukumu mwandishi. Bado hatujakubaliana naye.