Mguu wa Kushoto wa Julius Yego

Mwaka 2015 jijini Beijing, Julius Yego wa Kenya alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Wengi wetu tuliutazama mkuki, maana jicho hufuata kinachoruka. Mpe mtu penseli na karatasi achore mrusho ule, na kabla hajaufikia mkono atakuwa amekwama mguuni.

Ni mguu wa kushoto, ule wa mbele. Mrushaji amekuja mbio, na ghafla kisigino hicho kinapiga chini, goti linakaza, mwili unazuiwa. Kasi haina pa kwenda ila juu: nyonga ya kulia inatangulia, kifua kinafuata, kisha bega, na mkono, tuliodhani ndio unaofanya kazi yote, unakuja mwisho kabisa. Mwili mzima umepinda kama upinde uliovutwa. Legeza goti lile kidogo tu kwenye karatasi, na mtu wako hataweza kurusha hata kijiwe. Unafuta, unachora tena, unafuta. Kwa kufuta huko mchoraji anaujua ule mguu kuliko ambavyo mtangazaji yeyote angeweza kumweleza.

Kamera inajua mengi, sibishi. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, Marekani, akathibitisha kwamba farasi anayekimbia anapokuwa hewani huikusanya miguu yote chini ya tumbo. Mchoraji Géricault, katika picha yake ya mbio za farasi za Epsom ya mwaka 1821, alikuwa ameinyoosha mbele na nyuma. Hata hivyo mchongaji Rodin alimtetea: wakati hausimami, alisema, na msanii ndiye msema kweli. Nami nasimama na Rodin. Mstari mmoja wa mkaa, uliovutwa kutoka kisigino hadi kiganja, unabeba hatua iliyopita na ile inayokuja.

Kwangu, mgumu kuliko wote kumchora ni David Rudisha. Olimpiki ya London, 2012, fainali ya mita 800 kwa dakika 1:40.91, akiongoza bila mtu wa kumvuta. Penseli inatafuta bidii mahali tulipozoea kuiona, usoni na shingoni, isiipate. Mabega yametulia, kichwa hakiyumbi. Kazi imeshuka kwenye nyonga, kwenye shavu la mguu, na kwenye kano ya kisigino inayovutika kila wayo unapokanyaga, kisha kuirudisha nguvu ile ile kwa hatua ifuatayo. Mchoraji anayemwongezea mishipa ya shingo ili aonekane anajituma amemharibu. Uzuri wake umo katika yote aliyoyaacha bila kukaza.

Fainali ile ilikuwa na wanaume wanane. Wa mwisho, Andrew Osagie wa Uingereza, alimaliza kwa 1:43.77, muda ambao ungetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008. Mwenye daftari mapajani ana sababu ya kuwatazama hata walio nyuma. Katika mita mia za mwisho uchovu hupanda mwilini kwa utaratibu: nyonga hushuka, hatua hufupika, mabega hukaribia masikio, ngumi hujifunga. Yote hayo huchoreka, na mimi huyachora kwa heshima ile ile ninayompa mshindi.