Asili ya Chui Mweusi na Suala la Madini

Toleo la 53 la Fantastic Four, lenye tarehe ya Agosti 1966, lilitungwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby. Chui Mweusi alikuwa ametokea mara ya kwanza katika toleo lililotangulia. Humu ndimo inamosimuliwa asili yake, tena na yeye mwenyewe, mbele ya wageni wake.

Klaw, mgeni mwenye silaha, anaingia Wakanda kutafuta vibraniamu, madini yenye uwezo wa kumeza mitetemo. Mfalme T'Chaka anakataa, naye anauawa. T'Challa, angali mtoto, anaishika silaha ya adui na kumvunja mkono wa kuume. (Ritifaa katika majina hayo haiwakilishi sauti yoyote, tofauti na ile ya ng'ombe, ni pambo la ugeni tu.)

Msomaji wa Katanga atakumbuka Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri, mfalme wa Wayeke, aliyekataa bendera ya Leopold, alipigwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Bodson naye akauawa. Msiri hakuwa T'Chaka: asili yake ilikuwa Unyamwezi, na utawala wake uliwaelemea Wasanga hata wakaasi. Lakini tofauti kubwa zaidi imo katika urithi. Mukanda-Bantu alirithi kiti cha baba yake chini ya mamlaka ya wageni, na mwaka 1906 Union Minière ikaundwa. Mrithi wa kitabuni anabaki na mlima wake, anauza madini kidogo kidogo, anatajirika na kusoma ng'ambo.

Hapo ndipo usimulizi unapolegea. Nani anachimba? Kirby ni fundi wa kuchora mitambo, ila mchimbaji hapewi jina wala kauli. Katika mji uliojengwa kwa mukuba, hilo si jambo dogo: asili ya shujaa imeelezwa, asili ya mali yake imefichwa. Yafaa kukumbuka kwamba toleo hili lilitangulia kwa miezi michache tu hatua ya serikali ya Kinshasa kuzitwaa mali za Union Minière, Januari 1967.

Mwisho wake ni dhaifu zaidi. Klaw akiisha kushindwa, T'Challa anataka kuacha kazi ya ushujaa, na wageni wale wale ndio wanaomshawishi aendelee, sasa kwa ajili ya wanadamu wote. Watu wa Wakanda hawaulizwi.