Yetu, Lakini Si Yako

Binamu yangu alisomea Pune miaka minne. Aliporudi alileta shahada, kilo mbili za masala, na kitabu ambacho hakuwahi kukifungua. Alikinunua uwanja wa ndege dakika za mwisho ili amalize rupia zilizobaki. Akanipa mimi, kwa sababu kwetu mimi ndiye "yule wa vitabu". Hilo ndilo jina la heshima walilonitafutia baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwisha. Siku hizi naandika makala za watu wengine mtandaoni, nalipwa kwa kila neno.

Kitabu chenyewe ni The Prisons We Broke cha Baby Kamble, mwanamke wa jamii ya Wamahar wa jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Alikiandika kwa Kimarathi, kikatoka kama kitabu mwaka 1986. Tafsiri ya Kiingereza ya Maya Pandit ilifuata 2008. Nimekisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimpigia binamu simu kumuuliza jina la Kimarathi, Jina Amucha, lina maana gani hasa.

"Maisha yetu," akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Lakini si yetu ya mimi na wewe. Wale wana 'sisi' mbili. Kuna apan, sisi pamoja na wewe ninayeongea nawe. Halafu kuna amhi, sisi bila wewe. Amucha ni ya hiyo amhi."

Kiswahili chetu hakina mlango huo. Mtu akisema "yetu", msikilizaji anaweza kujikaribisha na kuketi. Kamble hakukukaribisha. Anakusimulia kila kitu, njaa, uzazi, chawa, miungu, vicheko, lakini tangu jaladani ameshakuambia kwamba maisha haya si yako. Jina la Kiingereza linasahau jambo hilo. Linazungumzia magereza tuliyoyavunja, yaani linakupa ushindi kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Mimi nadhani kitabu hiki ni hesabu ndefu ya neno sisi: nani yumo, nani alifungiwa nje, na nani ametoka kwa miguu yake mwenyewe.

Hesabu inaanzia kijijini. Kijiji cha zamani cha Maharashtra kilimhitaji Mmahar kila siku. Yeye ndiye aliyelinda mipaka, aliyepeleka ujumbe, aliyetangaza vifo, aliyepeleka kuni mahali pa kuchomea maiti, aliyeburuta mizoga ya ng'ombe. Malipo yake yalikuwa fungu la nafaka wakati wa mavuno, mikate iliyobaki aliyoizungukia nyumba hadi nyumba, na nyama ya mizoga hiyo hiyo. Lakini makao yake yalikuwa Maharwada, mtaa wa pembeni, na kisima cha wengine hakuruhusiwa kukigusa. Kazi yake ilikuwa ya kijiji, yeye mwenyewe hakuwa wa kijiji.

Kwa Mungu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Karne ya 14 kulikuwa na mtakatifu mshairi Mmahar, Chokhamela, aliyempenda mungu Vitthal wa Pandharpur kwa maisha yake yote. Alikufa kwa kuangukiwa na ukuta akiwa kibaruani. Masimulizi yanasema mifupa yake ilitambuliwa kwa sababu ilikuwa bado inalitaja jina la Vitthal. Kaburi lake liko chini ya ngazi za hekalu, kwa nje. Mahujaji walimwimba karne baada ya karne, na watu wa jamii yake waliendelea kusimama nje hadi 1947, hekalu lilipofunguliwa kwao.

Sasa hapa ndipo Kamble anaponishangaza. Kitabu kinapofika kwenye dini ya Maharwada yenyewe, anasema wazi kwamba ilikuwa giza na ujinga. Kuna nyati wa kuchinjiwa Mariaai, mungu mama wa maradhi. Kuna mvulana mzaliwa wa kwanza anayetolewa wakfu kwa mungu huyo awe potraj, yaani aishi kwa kuomba akicheza kwa jina la mama. Mwandishi anailaani mila hii aya kwa aya. Lakini hebu soma sentensi zake. Mwezi wa Ashadh ukifika, nyumba zinapakwa upya, watu wanaoga, ngoma zinalia, na nathari yake inachangamka kama mtoto aliyenusa chakula cha sikukuu. Wanawake wanapandwa. Mwanamke ambaye mwaka mzima hana sauti anakuwa mungu kwa muda, na watu wanamwangukia miguuni.

Wahakiki wengi wanaisoma sehemu hii kama ushahidi wa dhuluma. Ni ushahidi kweli, lakini si huo tu. Kamble anajua kwamba watu walionyimwa hekalu walijijengea sikukuu, na ndani ya sikukuu hiyo kulikuwa na sisi ya kweli, yenye jasho na kicheko. Anaichukia na anaikosa kwa wakati mmoja. Hajaribu kuupatanisha mgongano huo, na mimi nauona ndio ufundi mkubwa kuliko wote humu.

Wala hadanganyi kwamba sisi ya Maharwada ilikuwa salama. Msichana anaolewa akiwa mtoto. Anaamshwa usiku wa manane kusaga nafaka, mkate ukimshinda anapigwa na mama mkwe ambaye naye alipigwa hivyo hivyo. Akitoroka anafungwa gogo mguuni. Wengine walikatwa pua. Kamble anasema bila kuzunguka: sisi tulionyimwa kila kitu tulitafuta wa kumfanya mtumwa, tukawapata wake za wana wetu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchota maji, na sikuwa na haja ya maji.

Kisha anaingia B. R. Ambedkar. Yeye pia alikuwa Mmahar, mtoto wa mwanajeshi, aliyezaliwa 1891 na kusoma hadi New York na London. Mwaka 1927 aliongoza watu kunywa maji ya bwawa la Chavdar mjini Mahad, maji ya umma ambayo wanyama waliyanywa lakini Wamahar hawakuruhusiwa. Mwaka 1935, mjini Yeola, alitangaza kwamba amezaliwa Mhindu ila hatakufa akiwa Mhindu. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu, akawaapisha viapo 22, pamoja na kiapo cha kutoabudu tena Rama na Krishna. Hazikupita wiki nane, akafariki. Hakuomba nafasi zaidi kwenye zile ngazi za Pandharpur. Aliwaondoa watu wake kwenye ngazi kabisa, akawapa sisi mpya.

Ni tukio kubwa, na ndipo ninapokilaumu kitabu. Ambedkar akishaingia, nathari inageuka wimbo wa sifa. Wale wanawake waliokuwa na majina, meno yaliyong'oka na vituko, wanakuwa umati. Mariaai alipata ngoma, harufu na matope. Buddha anapata hotuba. Najua shukrani ya mtu aliyepewa utu haipimwi kwa mizani ya mhakiki anayeandikia kitandani, lakini nilitaka kujua asubuhi ya kwanza ilikuwaje. Ni nani aliyetoa sanamu ukutani? Alizipeleka wapi? Kulikuwa na bibi aliyelia?

Ukali wa Kamble unarudi anapowageukia waliosoma. Wao ndio walioshika kazi za serikali kwa jasho la wengine, kisha wakahamia mitaa mizuri na kuficha jina la ukoo. Kwake hao ni watu waliotoka wenyewe katika amhi. Yeye alisoma shule ya msingi tu. Alikuwa na duka dogo na mumewe huko Phaltan, akawa anasoma magazeti makuukuu ya kufungia bidhaa. Ndivyo alivyojisomesha. Kitabu hiki alikiandika akikificha kwa miaka kama 20.

Alimficha nani? Jibu halimo kwenye simulizi. Liko mwishoni mwa toleo la Kiingereza, kwenye mahojiano na mfasiri wake. Alimficha mumewe, na mumewe huyo alikuwa akimpiga. Alipoulizwa mbona hakuliandika, jibu lake lilikuwa kwamba hayo yaliwapata karibu wanawake wote, angeyafanyaje kuwa yake peke yake?

Nimebishana na jibu hilo wiki nzima. Upande mmoja, ni heshima: amekataa kujitoa kwenye umati ili ahurumiwe peke yake. Upande wa pili, naona sisi ikimla mtu. Mwanamke aliyethubutu kuandika pua zilizokatwa hakuweza kuandika kofi la nyumbani kwake, kwa sababu kitabu kilikuwa chetu na kofi lilikuwa langu. Sitaki kumsahihisha. Nasema tu kwamba ukurasa uliokosekana katika Jina Amucha ndio unaoonyesha bei ya jina hilo, na bei hiyo aliilipa yeye.

Labda inanigusa kwa sababu najua kukaa kwenye ukingo wa neno. Kwenye sherehe za familia mjomba husimama na kuwashukuru "vijana wetu waliosoma". Kiswahili ni kipole, hakisemi kama nimo au simo. Huwa naangalia sahani yangu. Kamble angeniuliza maswali mengine: umesoma nini kwenye karatasi ya kufungia sukari, na umemwandikia nani?

Binamu alinipigia juzi. Anasema miaka minne Pune hakuwahi kuuliza aliyekuwa akisafisha vyoo vya bweni lao anaitwa nani. Alijua neno amhi, alilitumia sokoni, halikuwahi kumkwaza. Sasa anakitaka kitabu chake.

Nimemwambia aje akichukue, ila aanzie mwisho, kwenye mahojiano.