Taka na Uchafu: Uhakiki wa Fasili kwa Mfano wa Maji ya Chai

Aghalabu nomino taka hufasiliwa kwa neno uchafu, nao uchafu hufasiliwa kwa neno taka. Makala haya yanadai kwamba mzunguko huo unaficha tofauti ya kimaana ambayo athari zake zinavuka mipaka ya kamusi.

Tuanze na asili. Wapo wanaoihusisha nomino hii na kitenzi -taka, kwa hoja kuwa taka ni kile kisichotakwa. Hoja hiyo haina mashiko. Kitenzi hicho kimezaa nomino matakwa. Hakiwezi kuzaa nomino yenye maana ya kinyume pasipo kiambishi chochote cha ukanushi. Lugha ndugu zinatuelekeza kwingine: Kiganda kina ettaka na Kinyarwanda kina itaka, yote mawili kwa maana ya udongo. Tofauti ya ngeli haivunji undugu huo. Yaelekea, basi, kwamba taka ilihusu udongo kabla ya kuhusu kitu cha kutupwa.

Kitenzi -takata nacho, pamoja na -takasa na -takatifu, hakielezeki kirahisi kuwa kinyume cha taka. Kiambishi -at-, kama katika kamata na fumbata, huashiria mshikamano; kinyume hujengwa kwa -u-, kama katika funga na fungua.

Kimatumizi, taka ni vitu: huzolewa, hutupwa, hurundikwa jaani. Uradidi katika takataka huongeza mchanganyiko na dharau, hata neno likawa tusi. Uchafu ni hali. Chumba kilichoondolewa taka zote chaweza kubaki kichafu.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika istilahi za maji. Mamlaka zetu zimezoesha jozi majisafi na majitaka, kana kwamba maji yote yanaingia katika mafungu hayo mawili. Maji ya Chai, wilayani Arumeru, inaupinga mgawanyo huo kwa jina lake lenyewe, litokanalo na rangi ya maji ya mto wake. Waliolibuni walitumia -a unganifu na kueleza walichokiona, wala hawakuyaita maji hayo safi au taka. Hata hivyo, tatizo kubwa la maji ya eneo hilo halionekani kwa macho. Ni floraidi itokanayo na miamba ya volkano ya Mlima Meru, ambayo kiwango chake katika vyanzo kadhaa kinazidi mno miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo hutia meno rangi ya kahawia na, ikizidi, hudhuru mifupa. Haichujwi kwa kitambaa wala haiondoki kwa kuchemsha.

Maji ya namna hiyo hayana taka, na yakitoka kisimani yakiwa maangavu msemaji atasema yametakata. Hata hivyo si salama. Anayetafsiri tangazo la afya kwa kutegemea jozi ya majisafi na majitaka atamwacha msomaji aamini kuwa maji yasiyo na taka yanafaa kunywewa.

Tunapendekeza kamusi zitenganishe fahiwa mbili: taka kama mabaki yanayotupwa, na uchafu kama hali. Aidha, istilahi maji salama ipewe kidahizo chake, kisichofasiliwa kwa safi peke yake. Kwa mkazi wa Maji ya Chai, tofauti hiyo inahusu meno na mifupa ya watoto wake.