Mstari wa Njia ya Ng'ombe

Afisa mipango wa wilaya aliyeiva kazini hufika kijijini na ramani, kisha huiacha kwenye gari. Ni karatasi nzuri ya kipimo cha 1:50,000, yenye mito, vilima na barabara ya zamani, lakini karatasi iliyochapwa na serikali ina tabia ya kuwanyamazisha watu. Ukiitandaza mapema, kila utakayemuuliza ataichungulia kwanza kabla ya kujibu, na jibu lake litafanana na kilichochorwa. Kwa hiyo anaanza na uwanja mtupu chini ya mgunga.

Nazungumzia hasa Kiteto, mkoani Manyara, kwa sababu huko ugumu wa kazi hii haujifichi. Wafugaji wa Kimasai na wakulima wa mahindi wanagawana tambarare kavu ambayo mvua yake haitabiriki, na ugomvi wa mashamba na malisho umewahi kumwaga damu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaeleza namna ya kuipanga. Wilaya huleta timu tu: mtu wa ardhi, wa kilimo, wa mifugo, wa misitu, wa maendeleo ya jamii. Wanaoamua ni wenyeji.

Vijana wanafagia. Mzee anaombwa aweke alama ya kwanza, naye anaanza na maji: jiwe kwa lambo, mstari wa majivu kwa korongo. Zinafuata shule, zahanati na josho. Magunzi yanasimama badala ya mashamba, majani mabichi badala ya msitu, kokoto badala ya maboma. Afisa amechuchumaa pembeni na hashiki kijiti. Mtaalamu akigusa mchoro mara moja tu, watu watamwachia amalizie mwenyewe. Kina mama wamewekwa upande wa pili na mchoro wao, kwa makusudi. Michoro hiyo ikilinganishwa baadaye, ule wa wanaume una mnada na malisho ya mbali. Ule wa wanawake una vijia vya kuni na maji ambavyo wanaume hawakuvikumbuka, pamoja na mahali ambapo korongo halivukiki wakati wa masika.

Shamba ni rahisi kulichora. Lina mwenyewe, lina kona, na mwenyewe yupo hapo kulitetea. Kinachomtoa mpangaji jasho ni kinachopita: njia ya mifugo kutoka maboma hadi lambo, kutoka lambo hadi malisho ya kiangazi, kutoka huko hadi mnadani. Haina mwenyewe mmoja. Hutumika kwa majuma kadhaa, kisha huota nyasi na kuonekana kama pori lisilo na kazi, na hapo ndipo trekta linapoingia.

Sikiliza sasa anavyouliza. Haulizi njia iko wapi. Swali hilo lina siasa ndani yake na litajibiwa kisiasa. Anasema, “Shikamoo mzee. Mvua zikishakata, asubuhi ng'ombe wakitoka kwako wanaelekea wapi?” Mzee anajibu kwa fimbo, akiiburuta vumbini. “Na wakikuta lambo limekauka?” Fimbo inakata kulia. “Hapo kwenye magunzi ya huyu mama, wanapitaje?” Fimbo inasimama. Watu wananyamaza, na afisa naye ananyamaza. Anatia alama ndogo kwenye daftari na kungoja, mpaka mwenye shamba mwenyewe aseme kwamba zamani walikuwa wakipita kando ya mbuyu, kabla shamba halijasogezwa. Muda wote huo umekwenda kwa mstari mmoja usiozidi urefu wa kiganja. Mimi ningekuwa nimeshadakia zamani.

Mchoro wa chini haudumu. Mbuzi mmoja anatosha kuufuta. Unahamishiwa kwenye bango kitita kwa kalamu za rangi, kijana wa kijiji akinakili na wazee wakimsahihisha kila anapopinda vibaya. Hapo ndipo ramani inapotolewa garini. Michoro inawekwa sambamba, tofauti zinazungushiwa duara, na kila duara linakuwa mahali pa kwenda kwa miguu.

Kabla ya hatua ya kwanza afisa anafungua mipangilio ya kifaa chake cha GPS. Ramani za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali kifaa hutoka dukani kikiwa kimewekwa WGS 84. Ukichanganya mifumo hiyo miwili, nukta zako zote zinasogea karibu mita 300, yaani milimita sita kwenye karatasi ya 1:50,000. Milimita sita! Mezani unaweza kuzipuuza, lakini uwandani zinatosha kulihamishia lambo kijiji cha jirani. Ndiyo maana anasimama kwanza mahali panapojulikana, kwenye njia panda au kona ya shule, akalinganisha namba za kifaa na za ramani kabla hajaziamini.

Kisha wanatembea kuufuata mpaka wa kijiji: yeye, wajumbe wa kamati ya ardhi ya kijiji, na wajumbe wa kijiji jirani, kwa kuwa mpaka hautambuliwi na upande mmoja. Kwenye kila kona panga linafyeka, kifaa kinaachwa kitulie mpaka kosa lake lishuke hadi mita chache, namba inasomwa kwa sauti, mwingine anaiandika kwenye daftari, wa tatu anairudia. Kwa mgeni kurudia huko huonekana kupoteza muda. Betri zikiisha, daftari ndilo linalobaki.

Njia ya mifugo nayo hutembewa, tena kingo zote mbili, maana njia ina upana, na upana ndio wenye vita. Makundi mawili yakikutana lazima yapishane bila ng'ombe hata mmoja kukanyaga mahindi. Karibu na lambo, ambako makundi husongamana, lazima njia ifunguke zaidi. Barabara kuu na za mkoa zina kipimo kilichokwisha kuwekwa na sheria: hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Ukingo wa mto nao una mita 60 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hivyo viwili anavijua kwa kichwa na haviwekei mjadala. Upana wa njia ya ng'ombe hujadiliwa palepale, mfugaji amesimama ukingo huu na mkulima ule, wakisogeleana na kuachana hadi wote wawili waache kusogea. Anapima hapo waliposimama.

Jioni ni hesabu. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda hugeuzwa kuwa kizio kimoja, mnyama wa kilo 250, ili iwezekane kulinganisha midomo na nyasi. Mashamba yanajumlishwa, kaya zinazotarajiwa zinakadiriwa. Sheria inataka ardhi ya kijiji igawanywe katika mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya watu binafsi, na ya akiba kwa watakaokuja. Akiba ndiyo inayovamiwa kwanza, kwa sababu kila kundi huiona ni yake iliyocheleweshwa. Mistari yote bado ni ya penseli.

Malisho ya Kiteto hayaishii ndani ya kijiji kimoja, na hilo ndilo lililovifanya vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vipange kwa pamoja na kuunganisha malisho yao kuwa eneo moja, OLENGAPA, la zaidi ya hekta 20,000. Kwa mpangaji huo ni mtihani wa peke yake. Mipango mitatu lazima ioane: njia inayotoka kwenye ramani hii iingie kwenye ile ya pili mahali palepale na kwa upana uleule, lambo linalotumiwa na wote lihesabiwe mara moja tu, na faini ya kulima ndani ya malisho isiwe kubwa huku na ndogo kule. Mkutano mmoja ukikataa, meza zote tatu zinafunguliwa upya.

Nao mkutano mkuu wa kijiji una haki hiyo ya kukataa. Afisa mzuri hauendei na hotuba. Hubandika rasimu kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji mapema, akakaa karibu nayo. Watu wanakuja mmoja mmoja, wanatafuta boma lao kwa kidole, wanatafuta shamba, wanafuata njia mpaka mahali wanapopajua. Yuko anayeuliza kwa nini zahanati imewekwa ng'ambo ya korongo. Yuko anayegundua kwamba njia imepita juu ya makaburi ya ukoo. Ufutio unatoka mfukoni, mstari unafutwa mbele yake, unachorwa upya huku yeye akiangalia, na jina lake linaandikwa pembeni ili asomewe siku ya mkutano.

Mkutano ukikubali, wino unafuata, kisha sheria ndogo, bikoni za zege na vibao, masjala ya ardhi yenye kabati linalofungika, na hati za hakimiliki ya kimila. Huko OLENGAPA malisho nayo yalipata hati, kupitia chama cha wafugaji wa vijiji hivyo. Baadaye kijiji cha nne, Lesoit, kilijiunga. Kwa wapangaji hilo lina maana ya mpaka mwingine wa kutembea, midomo zaidi ya kuhesabu kwenye nyasi, njia zinazopaswa kuungana na za majirani, na mkutano mmoja zaidi wenye haki ya kukataa.