Jiwe Linalorudishiwa Hewa Yake

Jamani, huu unga! Ni mweupe, laini, na chini ya hadubini yenye nguvu unaonekana kama punje za mtama, viduara vitupu. Utie maji, viduara vinayeyuka na kujijenga upya kuwa vijiti vyembamba vinavyopenyana na kukabana mpaka unga mzima unashika, unakuwa jiwe. Hamna klinka, ile mawe ya tanurini inayosagwa kuwa saruji ya kawaida, humo hata chembe. Ni kabonati ya kalsiamu, ndugu wa damu wa jiwe la chokaa, na inafanya kazi ya saruji!

Wanaoutengeneza ni kampuni ya Fortera ya California. Aprili 2024 walifungua kiwanda mjini Redding, ubavuni mwa kiwanda cha saruji cha CalPortland. Saruji za kijani zinatangazwa kila kukicha na nyingi hunipita tu. Hii imeniteka kwa hesabu yake. Choma tani moja ya jiwe safi la chokaa: kilo 440 zinapaa zikiwa hewa ukaa, unabaki na kilo 560 za chokaa. Hata ukichoma kwa umeme wa jua, hewa hiyo itatoka tu, kwa kuwa imo ndani ya jiwe lenyewe. Hiyo ni sehemu kubwa ya sababu saruji peke yake inabeba takribani asilimia 8 ya hewa ukaa ya binadamu.

Redding wanaidaka hewa ile ile inapotoka tanurini na kuirudishia chokaa iliyoyeyushwa katika mmumunyo maalumu. Inatuama ikiwa vateriti, sura adimu ya kabonati, na ndiyo vile viduara. Kiwanda kimesanifiwa kutoa tani 15,000 kwa mwaka na kumeza tani 6,600 za hewa ukaa. Piga hesabu: asilimia 44, sawasawa na kile jiwe lilichopoteza motoni! Na tanuri halina haja ya kufika nyuzi 1,450 za klinka. Chokaa huiva kwenye 900 hivi.

Sisi wa pwani tuna sababu zaidi ya kushangilia. Vile vijiti ni aragoniti, madini yale yale ambayo matumbawe hujengea mifupa yao. Wazee wa Kilwa na Lamu walichoma matumbawe juu ya magogo, na plasta yao ikakomaa kwa kuvuta hewa ukaa polepole hadi ikarudi kuwa jiwe. Dondoshea siki kipande kilichobanduka: kinatoa povu, ile hewa inatoka. Chokaa ya wazee ilihitaji miezi, hata miaka. Hii imeshakunywa hewa yake kiwandani. Fundi anaongeza maji tu.

Mjenzi makini atauliza habari ya nondo. Swali zuri: zege la kawaida lina alkali kali inayokinga chuma na kutu, kabonati tupu haina ya kutosha. Basi kwenye nguzo na slabu ichanganywe na saruji ya kawaida. Ikiwa tupu, iende kwenye matofali, plasta na vigae. Na tani 15,000 ni tone mbele ya tani bilioni 4 hivi za saruji kwa mwaka.

Lakini malighafi ni jiwe lile lile, na mtambo umepachikwa kando ya kiwanda kilichokuwapo, hakikubomolewa kitu. Viwanda vya saruji vya Bamburi na Wazo Hill vimekalia matumbawe ya kale miaka yote hii. Natamani mfuko wa kwanza wa Afrika Mashariki utoke huko, nimkabidhi fundi plasta, nimwone akiupima kwa mwiko wake.